Miwani haikuzuii kurusha ndege, ila kapimwe kabla ya kulipa ada

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni msichana wa miaka 19, nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM na ninaishi Kahama. Nimevaa miwani tangu kidato cha kwanza. Cheti changu cha mwisho kinaonyesha jicho la kulia −4.75 na la kushoto −5.25. Ninataka kuwa rubani wa ndege za abiria. Mjomba yuko tayari kuuza kiwanja anipeleke chuo cha urubani Afrika Kusini, lakini rafiki yake amemwambia kwamba rubani havai miwani, kwa hiyo eti nifanyiwe upasuaji wa leza kwanza. Jambo la pili: kaka yangu alipopimwa afya alishindwa kusoma namba kwenye kile kitabu cha nukta za rangi. Je, na mimi nitashindwa? Naomba ushauri kabla mjomba hajauza.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza mapema, kwa hiyo nami nakujibu bila kuzunguka. Miwani yenye namba kama zako haikuzuii kuwa rubani wa ndege za abiria. Rafiki ya mjomba amekosea. Huna haja ya leza ili kuingia chuo. Unachohitaji ni cheti cha afya cha daraja la kwanza, kile cha marubani wa biashara, yaani wanaolipwa kurusha ndege, na inakupasa uwe nacho mkononi kabla shilingi ya kwanza ya ada haijatoka.

Nikueleze sheria inasemaje, ili ukikaa na mjomba usiwe na maneno yangu matupu. Nchi karibu zote duniani, Tanzania ikiwamo, zinafuata Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ule uliozaa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga lenye makao yake Montreal. Kiambatisho cha kwanza cha mkataba huo kinahusu leseni, na ndani yake imo sura nzima ya afya. Mamlaka za usafiri wa anga za nchi, kama TCAA kwetu na KCAA kwa jirani zetu wa Kenya, huchukua viwango hivyo na kuviingiza kwenye kanuni zao. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina wakala wake, CASSOA, ulioko Entebbe, ambao kazi yake mojawapo ni kuhakikisha kanuni za nchi wanachama zinafanana.

Kwa rubani wa biashara kiwango cha kuona mbali ni hiki: kila jicho likipimwa peke yake lifikie 6/9 au zaidi, na macho mawili yakisoma pamoja yafikie 6/6. Maana ya 6/9 ni kwamba ukisimama mita 6 kutoka kwenye chati unasoma herufi ambazo mtu mwenye macho ya kawaida angezisoma akiwa mita 9. Baada ya kutaja namba hizo, kiwango chenyewe kinasema ufikie hapo kwa miwani au bila miwani, na kwamba hakuna kikomo cha jinsi unavyoona ukiivua. Mjomba na rafiki yake wakielewa sentensi hiyo moja, ubishi wao umekwisha.

Imani kwamba rubani havai miwani haikutoka hewani. Majeshi ya anga ya nchi nyingi yalikuwa, na mengine bado ni, makali sana kwenye macho ya vijana wanaoomba kurusha ndege za kivita, na mzee akikumbuka kijana wa mtaani kwao aliyerudishwa jeshini miaka hiyo, anadhani sheria ni moja kote. Hata kwenye ndege za abiria, miaka ya nyuma nchi kadhaa zilikuwa na kikomo cha kuona bila miwani. Marekani, kwa mfano, iliondoa chake katika kanuni zake za mwaka 1996. Kwa hiyo wanaokukatisha tamaa hawakutungii uongo. Wanakupa habari iliyopitwa na wakati.

Sasa tuangalie namba zako. Alama ya kutoa inaonyesha kwamba unaona karibu vizuri na mbali kwa ukungu. Jicho lako ni refu kidogo kuliko kawaida, kwa hiyo picha inaangukia mbele ya retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha, badala ya juu yake. Jicho lenye −5.25 likivuliwa miwani linaona sawasawa mpaka umbali wa sentimita 19 hivi, urefu wa penseli mpya, na kuanzia hapo ukungu unaingia. Bila shaka ukiivua husomi hata ile herufi kubwa ya juu kabisa, ambayo kwa kawaida ndiyo mstari wa 6/60. Na hapo kuna sharti linalokuhusu moja kwa moja: mwombaji ambaye jicho lake lolote, bila miwani, ni chini ya 6/60, anatakiwa kuleta ripoti kamili ya macho kabla ya cheti cha kwanza, kisha kila baada ya miaka 5.

Ripoti hiyo isikutishe. Wanaitaka kwa sababu jicho refu huivuta retina, na retina iliyovutwa ikawa nyembamba huweza kutoboka au kubanduka. Daktari atakutia matone ya kupanua mboni, atachungulia retina mpaka pembezoni, atapima presha ya macho, na atapima umbo la konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Huko Kahama, hospitali ya Bugando, Mwanza, iko karibu nawe kuliko Muhimbili au CCBRT za Dar es Salaam, na daktari bingwa wa macho ndiye wa kumwendea. Duka la miwani halitoshi kwa kazi hii. Matone yale yatakufanya usione karibu kwa saa kadhaa na mwanga utakuchoma, kwa hiyo usipange ripoti hiyo siku moja na kipimo cha daraja la kwanza.

Hapo kwenye konea naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo ninapoona vijana wetu wakipoteza nafasi ambayo wangeweza kuilinda. Watoto wengi wa Afrika Mashariki wanakua na aleji ya macho: macho mekundu, yanawasha, wanayasugua kwa viganja asubuhi na jioni, na nyumbani inachukuliwa kuwa ni vumbi tu litapita. Kusugua huko, kukiendelea miaka, kunahusishwa na ugonjwa unaoifanya konea kuwa nyembamba na kuchongoka mbele. Ukishafika hapo miwani haikufikishi tena kwenye 6/9, kwa kuwa kioo chenyewe kimepinda ovyo. Dalili yake mojawapo ni namba kubadilika kila mwaka, hasa ile ya astigmatizimu, yaani ya mpindo wa konea usio sawa, na jicho moja kuachana sana na lenzake. Namba zako mbili zimekaribiana na hiyo ni ishara njema. Hata hivyo chukua vyeti vyako vyote vya miwani tangu kidato cha kwanza umpelekee daktari. Kama macho yanakuwasha, omba dawa ya aleji na acha kabisa kuyasugua.

Kama unafikiria Ulaya siku za mbele, mamlaka ya usalama wa anga ya Umoja wa Ulaya ina mstari wake. Mwombaji wa mara ya kwanza mwenye −6.00 au pungufu anaweza kupitishwa mradi miwani inamfikisha kwenye kiwango na hana ugonjwa wa jicho. Akizidi hapo faili lake linapelekwa kwa madaktari wa mamlaka yenyewe, na wanaweza kumkubali. Wewe uko ndani ya mstari.

Tuje kwenye leza. Mwambie mjomba hivi: pesa hiyo aiweke. Kwanza, haikuongezei kitu mbele ya sheria, maana 6/6 ya miwani na 6/6 ya leza kwenye cheti ni 6/6 ile ile. Tofauti pekee ni kwamba mwenye miwani anaandikiwa sharti la kuivaa akiwa kazini. Pili, una miaka 19. Macho mengi ya namna yako hayajatulia mpaka mtu aingie miaka ya 20 na kitu, na ukichonga konea leo wakati jicho bado linarefuka, baada ya miaka michache utarudi kwenye miwani ukiwa na konea iliyopungua unene. Tatu, upasuaji unakuja na masharti yake. Ukishafanyiwa unasubiri jicho lipone na litulie, kisha unaleta ripoti ya daktari bingwa. Wazungu wa Ulaya wameandika wanachotaka kuona: namba isiyopandashuka kwa 0.75 au zaidi ndani ya siku moja, jicho lisilosumbuliwa na mng'ao kupita kawaida, na uwezo wa kutofautisha vivuli katika mwanga hafifu uwe haujaharibika.

Hayo mawili ya mwisho yanatoka kwenye kazi yenyewe. Baadhi ya waliofanyiwa leza huona duara la ukungu wa mwanga kuzunguka kila taa usiku. Anayeendesha gari kutoka Kahama kwenda Shinyanga atasema ni usumbufu mdogo. Rubani anashuka usiku kuelekea uwanja wenye taa mamia, nyeupe, nyekundu, kijani na buluu, mvua ikigonga kioo, na kila taa ina kazi yake. Akiona duara kwenye kila moja, zinaingiliana. Wengi wanapona vizuri na wapo marubani wanaorusha ndege kubwa baada ya leza, kwa hiyo siipingi. Ninapinga mtu wa miaka 19 kuifanya kwa sababu ya sharti ambalo halipo. Ukifika miaka 25 namba zimetulia, una leseni, na umechoka na miwani, utazungumza na daktari wa marubani kabla ya kumwendea mpasuaji, na yeye atakupangia muda wa kukaa chini bila kuruka.

Basi utarusha ukiwa na miwani, na miwani ya kazini ina mambo yake. Sharti litaandikwa kwenye cheti chako kwamba uivae muda wote wa kazi na uwe na ya akiba mahali unapoweza kuifikia. Hilo la akiba watu hulichukulia kirahisi. Fikiria imedondoka na kukanyagwa chini ya kiti cha rubani wakati ndege inakaribia kutua. Wewe uonaye mwisho wa sentimita 19 utafanya nini? Ya akiba ikae kwenye begi la pembeni, sio kwenye sanduku la nguo huko nyuma. Chagua fremu yenye mikono myembamba na iliyonyooka, kwa sababu hedseti inabana masikio kwa saa nyingi, na mkono mnene wa fremu unakupa kichwa kuuma na pia unaacha mwanya unaoingiza kelele. Kwa namba zako omba lenzi zile nyembamba. Kiwango cha ICAO chenyewe kinataka wenye namba kubwa watumie lenzi za aina hiyo au zile za kuvaa ndani ya jicho, kwa kuwa lenzi nene hupinda picha pembezoni.

Miwani ya jua usinunue ile ya kukata mng'ao wa maji, ile iitwayo polaraizidi. Skrini za kwenye chumba cha marubani zinaweza kuonekana nyeusi ukiinamisha kichwa kidogo tu. Nenda kwenye rangi ya kijivu ya kawaida, yenye namba zako. Na ile inayojigeuza rangi juani haikufai humo ndani, maana inahitaji miale ambayo kioo cha mbele cha ndege huizuia kwa kiasi kikubwa. Basi haigeuki vya kutosha unapoihitaji.

Lenzi za jichoni zinaruhusiwa, mradi ziwe za umbali mmoja, zisiwe na rangi, na jicho lako lizizoee. Bado utabeba miwani. Hewa ya ndani ya ndege inayopaa juu ni kavu sana, hivyo lenzi zinazokaa vizuri siku nzima mjini zinaweza kuanza kukwaruza baada ya saa tatu angani. Kisha kuna katazo moja ambalo lina historia yake. Tarehe 19 Oktoba 1996 ndege ya Delta namba 554, aina ya MD-88, ilikuwa inatua uwanja wa LaGuardia, New York, ikipita juu ya maji katika mvua na ukungu. Ilishuka chini mno, ikagonga nguzo za taa za kuongozea na ukingo wa jukwaa la njia ya kutulia. Hakuna aliyekufa. Wachunguzi walikuta kwamba rubani mkuu alikuwa amevaa lenzi moja ya kuona mbali na nyingine ya kuona karibu, mpango ambao wazee wengi huupenda ili wasivae miwani ya kusomea. Jicho moja lilipokuwa haliangalii mbali vizuri, makadirio yake ya umbali na kimo yalimdanganya, na bodi ya uchunguzi ya Marekani iliitaja lenzi hiyo kama chanzo. Wewe hilo halikuhusu kwa sasa. Ukifikisha miaka ya 40 na herufi ndogo zikaanza kukimbia, mtu atakushauri hivyo, nawe ukatae. Wakati huo utapimwa pia usomaji wa karibu: maandishi madogo ya saizi iitwayo N5 kati ya sentimita 30 na 50, na yale makubwa zaidi ya N14 kwa mita moja, ambayo ni umbali wa paneli za vyombo.

Sasa kaka yako. Swali hili ni zito kuliko la miwani, na nashukuru umeliuliza, kwa sababu wengi hawajui hata kama rangi hupimwa.

Miwani inarekebisha ukungu. Upofu wa rangi hakuna kinachourekebisha. Zipo lenzi za rangi zinazouzwa kwa ahadi kwamba utaona nyekundu na kijani, na kweli mtu akizivaa anaweza kusoma kurasa kadhaa za kile kitabu, lakini kwenye kipimo cha marubani hazikubaliki, kwa kuwa zinabadilisha mng'ao wa rangi bila kumpa mtu uwezo ambao hana. Kitabu chenyewe ni cha Shinobu Ishihara, daktari wa Kijapani aliyekitoa mwaka 1917: kurasa za nukta za rangi, na ndani ya nukta kuna namba. Kinasomwa kwenye mwanga wa mchana au taa ya rangi hiyo hiyo. Hapa kuna jambo la kumwambia kaka yako. Chumba kikiwa na taa ya njano, au kurasa zikiwa zimepauka kwa kukaa juani, hata mwenye macho mazima huanza kusitasita. Alipimwa wapi na kwa mwanga gani? Arudie mahali pazuri kabla ya kujihesabu kuwa ameshindwa.

Ila tuseme kweli ana upofu wa nyekundu na kijani, aina ambayo ndiyo ya kawaida. Kasoro hiyo hukaa kwenye kromosomu X. Mwanaume ana X moja tu, nayo aliitoa kwa mama. Ikiwa na kasoro, basi. Maana yake mama yenu anaibeba, ingawa yeye mwenyewe kwa kawaida anaona rangi vizuri. Wewe una X mbili, moja ya mama na moja ya baba. Kama baba yenu anatofautisha rangi bila shida, X yake nzima unayo na itakutosha: utaisoma Ishihara kama kawaida, hata kama nusu kwa nusu unaweza kuwa umebeba ile ya mama na siku moja ukampa mtoto wako wa kiume. Kama baba naye huchanganya nyekundu na kijani, hapo uwezekano wa wewe kuathirika unakuwa mkubwa. Muulize. Wanaume wengi wa rika lake hawajawahi kupimwa, na wanajua tu kwamba wake zao ndio wanaowachagulia tai.

Kwa nini rangi inashikiliwa hivi? Kando ya njia ya kutulia, mara nyingi kushoto, kuna taa nne zilizopangwa kwa mstari. Rubani akiwa kwenye mteremko sahihi, ambao kwa kawaida ni nyuzi 3, anaona mbili nyeupe na mbili nyekundu. Zote zikiwa nyeupe yuko juu mno, zote zikiwa nyekundu yuko chini mno na ardhi inamsubiri. Hakuna maandishi wala mshale, ni rangi tu. Usiku wa Julai 26, 2002, ndege ya mizigo ya FedEx namba 1478, Boeing 727, ilianguka kabla ya kufika njia ya kutulia huko Tallahassee, Florida. Watatu waliokuwamo walijeruhiwa lakini wakapona, ndege iliteketea. Taa zile zilikuwa zinaonyesha wako chini. Rubani msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa anaishika ndege, alikuwa na upofu wa rangi, na wachunguzi waliuweka miongoni mwa mambo yaliyochangia ajali, pamoja na uchovu na marubani wote watatu kutoufuatilia mteremko. Alikuwa na kibali cha kuruka. Tangu ajali ile vipimo vya rangi vimetazamwa upya sana, na kuanzia Januari 2025 Marekani inawataka waombaji wapya wapimwe kwa kompyuta.

Kwa hiyo kitabu cha Ishihara ni mchujo tu. Anayeshindwa anapelekwa kipimo cha pili, cha taa za rangi au cha kompyuta, kama kile kilichobuniwa na Chuo Kikuu cha City cha London pamoja na mamlaka ya anga ya Uingereza. Kipimo hicho kinapima upofu ni wa kiasi gani, na wapo wanaoshindwa Ishihara lakini wakapita hapo, kwa kuwa wanaona rangi za anga vya kutosha. Anayeshindwa na hapo, ICAO inamruhusu cheti cha daraja la pili chenye sharti la kuruka mchana tu. Anaweza kuruka kwa burudani yake, lakini kazi ya ndege za abiria itakuwa imefungwa. Kaka akitaka anga, aende kipimo cha pili kabla ya kukata tamaa. Wala asidhani kwamba kazi ya kuongoza ndege mnarani haina sharti hilo, maana nayo inapimwa rangi.

Kwa wengine watakaosoma hapa wakiwa na tatizo tofauti, niseme kwa ufupi. Makengeza yasiyokufanya uone mawili mara nyingi yanapita. Presha ya macho iliyogunduliwa mapema na kudhibitiwa kwa matone haimalizi kazi ya mtu, ila anafuatiliwa. Mwenye jicho moja njia yake ni nyembamba sana akiwa anaanza. Marekani hutoa vibali baada ya majaribio ya ndani ya ndege, na mwaka 1933 Wiley Post, Mmarekani aliyepoteza jicho la kushoto kwenye ajali ya visima vya mafuta, alikuwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa ndege akiwa peke yake. Lakini kwa kijana wa kwetu anayeomba leseni yake ya kwanza ya biashara akiwa na jicho moja, sitampa matumaini ya kumfanya auze mali.

Na hilo la mali ndilo linalonifanya niandike kwa urefu. Mafunzo ya urubani hula makumi ya maelfu ya dola. Leseni ya biashara inataka saa 200 za kuruka, au 150 kama ni kozi iliyoidhinishwa kwa mpango mmoja, na leseni ya juu ya kuwa rubani mkuu wa ndege kubwa inataka saa 1,500. Chuo kinaweza kukupokea na cheti cha daraja la pili, kinachotosha kwa rubani mwanafunzi na rubani binafsi, ukaruka miezi, ukalipa, kisha ukaenda daraja la kwanza mwishoni na kukuta moyo, sikio au rangi vinakukwamisha. Nimewaona vijana waliofikia hapo, na pesa hairudi. Daraja la kwanza ni zaidi ya macho: watakupima moyo kwa mashine, masikio, mkojo, damu, kifua, na watakuuliza habari za kifafa, sukari na magonjwa ya akili. Lote hilo linamalizika ndani ya siku moja au mbili kwa gharama ambayo mbele ya bei ya kiwanja haionekani.

Anza na TCAA. Wana orodha ya madaktari walioidhinishwa kupima marubani, na ni hao tu ambao karatasi zao zinakubalika. Daktari mwingine yeyote, hata awe profesa, hawezi kukupa cheti hiki. Kisha kiulize chuo cha Afrika Kusini kwa maandishi: leseni mtakayonipa ni ya mamlaka gani, na cheti cha afya kinatakiwa cha mamlaka ipi? Ukipata leseni ya Afrika Kusini utahitaji cheti chao, na ukirudi nyumbani leseni itahamishiwa TCAA kwa utaratibu wake. Kupita hapa hakukuhakikishii kwamba mamlaka nyingine itakupitisha, lakini kwa kuwa viwango vinatoka chungu kimoja, ukipita hapa umejua mengi. Mjomba aulizie pia Soroti, Uganda, chuo kilichoanzishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1971, na vile vya uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kabla ya kuamua kwamba lazima iwe kusini.

Siku ya kipimo nenda umelala vizuri, na miwani mipya ambayo umeivaa angalau wiki mbili ili macho yaizoee, pamoja na ile ya zamani kama akiba. Kama unavaa lenzi za jichoni ziache siku kadhaa kabla, hasa kabla ya kupimwa umbo la konea. Beba ripoti ya daktari bingwa, vyeti vyote vya miwani na kitambulisho. Usikariri chati ya herufi. Madaktari wana chati zaidi ya moja, na kujaza uongo kwenye fomu ile ni kosa la kisheria linaloweza kukugharimu leseni miaka mingi baadaye. Ukiulizwa kuhusu ndugu wenye matatizo ya macho, mtaje kaka yako. Hilo halikupunguzii alama, na daktari atajua akupime rangi kwa utulivu zaidi.